Shali ya Sufu kutoka Sweta la Mtumba: Shajara ya Mradi

14 Juni 2025: Kutafuta uzi

Uzi wa sufu halisi, wa manyoya ya kondoo, hapa Mwanza ni wa kutafuta kwa tochi. Zile zinazouzwa madukani kama nyuzi za sweta karibu zote ni akriliki, na akriliki ni plastiki tu. Rangi za maganda na majani haziishiki. Unachemsha, unafurahi, ukisuuza inarudi ilivyokuwa. Kuagiza kutoka nje kuna bei ya uzi, kisha bei ya kuusafirisha, na yote hayo kabla hujajua kama utaiweza kazi yenyewe.

Lakini sufu ipo kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja, chini ya marundo. Sweta zito la baridi ya Ulaya halina wateja wengi kwenye joto hili, kwa hiyo bei yake ni ya kusukuma mzigo. Mpango ni kununua sweta, kulifumua, kuutia uzi rangi na kufuma shali ya pembetatu. Shali ni ya mama mdogo aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, anayevuka na kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya asubuhi upepo wa ziwa ukiwa bado mkali. Sharti lake ni moja: "Isiniwashe shingoni, mwanangu. Ikiniwasha nitawapa watoto wachezee."

Sweta la kwanza muuzaji alilisifia kwa uzito. "Dada, hii sufu tupu, pima mwenyewe mkononi." Shilingi 4,000. Nilipofika nyumbani nikachomoa uzi ndani ya mshono, nikauwasha kiberiti: ukayeyuka, ukadondosha tone, ukaacha kidonge cheusi kigumu kama shanga. Akriliki. Uzito hauthibitishi kitu.

Sasa natembea na kiberiti na namwomba muuzaji ruhusa kabla ya kulipa. Wengi hawakatai, ilimradi uzi utoke ndani na usogee mbali na nguo zake. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe ukiuondoa, na jivu lake linasagika kwa vidole. Pamba inanuka karatasi na inaendelea kuwaka. Ukipata harufu ya nywele pamoja na kidonge kigumu, huo ni mchanganyiko. Uache, maana rangi itashika nusu na nusu itagoma.

15 Juni: Sweta lililokatwa na sweta lililofumwa

Sweta la pili lilikuwa sufu kweli, rangi ya maziwa, shilingi 6,000. Harufu ya nywele, jivu la kusagika, kila kitu sawa. Nikakata mshono wa ubavuni, nikavuta uzi, ukakatika. Nikavuta tena, ukakatika tena, kila mstari kipande chake chenye urefu wa upana wa kifua.

Sababu iko kwenye mshono. Masweta mengi ya kiwandani hufumwa kama kitambaa kirefu, kisha hukatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki. Kila mstari umeshakatwa pande zote mbili, kwa hiyo hakuna uzi mrefu humo, hata ungekuwa na subira ya fundi saa. Sweta linalofumulika ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake: ukigeuza ndani, pembeni mwa mshono unaona ukingo safi wenye vitanzi vilivyofungana, bila zile nyuzi nyembamba za ovaloki zinazozunguka ukingo. Angalia pia kwapani. Kama vitanzi vinapungua taratibu kwa mstari mshazari unaoonekana, hilo limefumwa kwa umbo. Na kama sufu imeshikamana hadi huoni kitanzi kimoja kimoja, kuna mtu alishalifua kwa maji moto. Hilo halifumuliki tena.

Lile la ovaloki sikulitupa. Vipande vyake vyote vimekuwa vya kujaribia rangi, na vimefanya kazi kubwa kuliko nilivyotegemea.

Sweta la tatu, 8,000, limetimiza yote. Nililisugua shingoni palepale sokoni kwa ajili ya sharti la mama mdogo. Laini.

Kufumua: toa mikono kwanza, kisha mishono ya mabega na ubavu, kwa mkasi mdogo wenye ncha. Masweta mengi hufumwa kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo uzi unafumuka vizuri ukianzia shingoni kushuka. Ukianzia chini utapambana na kila kitanzi. Uzi niliuzungushia miguu ya stuli iliyopinduliwa ili upate mashada makubwa. Jumla gramu 410 kwenye mzani wa jikoni.

21 Juni: Kunyoosha na shabu

Uzi uliofumuliwa umejikunja kama nywele zilizotoka kusukwa. Mashada yalifungwa kwa kamba ya pamba sehemu nne, yakalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu, yakasuuzwa na kuanikwa kivulini, kila moja na chupa ndogo ya maji ikining'inia chini. Yalipokauka yalikuwa yamenyooka.

Kisha shabu, ile ile ya kutuliza maji na ya vinyozi. Hiyo ndiyo inayoifungia rangi kwenye sufu. Kipimo ni asilimia 15 ya uzito wa uzi mkavu: uzi gramu 320, shabu gramu 48, iliyosagwa na kuyeyushwa kwanza kwenye maji moto. Uzi unaingia ukiwa umelowa, maji yakiwa ya uvuguvugu, moto unapanda polepole kwa muda wa saa nzima.

Hapa jiko la mkaa linahitaji akili. Sufu ikipata joto la ghafla, au ikikorogwa ikiwa ya moto, inashikamana na kuwa blanketi. Sina kipimajoto. Ninachotazama ni mvuke unaotoka na vipovu vidogo pembeni mwa sufuria; mapovu makubwa yakianza kupanda katikati, nafukia makaa kwa majivu. Uzi haukorogwi, unasukumwa chini kwa kijiti. Moto ukizimwa, unaachwa upoe humo humo hadi kesho yake. Sufuria hiyo hairudi kupika ugali.

Kuhusu chumvi na siki: kila mtu ananiambia nitie "ili ikamate rangi". Siki inasaidia zile rangi za unga zinazohitaji uchachu kushika sufu, hata rangi za keki. Kwa maganda ya vitunguu haifungi chochote. Kazi hiyo ni ya shabu.

22 Juni: Majaribio kwenye vipande

Vipande vya sweta la ovaloki viliingia kwenye makopo.

Choya, yaani rozela, ilitoa wekundu wa kutamanisha, nikaanza hata kupanga shali nyekundu nzima. Nikakifua kipande kwa sabuni ya kipande. Kikageuka kijivu chafu mbele ya macho yangu. Wekundu wa choya unakaa kwenye uchachu tu. Sabuni ikiugusa unabadilika. Ni kinywaji kizuri, ibaki hapo.

Manjano, yaani binzari, ilishika haraka na kwa nguvu. Niliifunika nusu kwa karatasi ya fedha ya jikoni na kuiweka dirishani linalopokea jua la mchana, pamoja na vipande vingine.

Maganda ya vitunguu maji yalitoa kahawia inayoelekea dhahabu. Kokwa na maganda ya parachichi yalitoa waridi lililofifia, la udongo. Hizi mbili ndizo zinazoendelea.

29 Juni: Vitunguu

Maganda nilipewa bure na wauza vitunguu wa Buhongwa, maana kwao ni takataka ya kufagia. Uzi gramu 210, maganda makavu gramu 210. Gramu hizo ni mfuko mkubwa uliojaa hadi mdomoni, kwa hiyo anza kukusanya mapema. Chemsha saa moja, chuja, acha maji yapoe, ndipo uzi uingie, na moto upande tena polepole.

Uzi ulitoka na mabaka meupe kila mahali nilipofunga kamba. Nilikuwa nimekaza mno, rangi haikupita. Pia sufuria ilikuwa ndogo: mashada yaliyolala chini yamekolea, ya juu yamepauka. Nimelegeza kamba hadi kidole kiweze kupita na kurudisha yote kwenye maji yale yale. Mabaka yamepungua, hayajaisha. Tofauti ya mashada nitaitibu kwenye kufuma: madonge mawili kwa zamu, mistari miwili huku, mistari miwili kule. Jicho halioni mpaka.

Nusu ya uzi huo, gramu 105, ikaingia kwenye maji ya chuma. Haya ni misumari yenye kutu iliyolala kwenye siki na maji kwenye chupa hadi maji yakawa rangi ya chai. Kijiko kimoja kimoja kinatiwa kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Dhahabu inageuka kijani kilichoiva ndani ya dakika chache. Kwenye kipande cha jaribio nilizidisha, sufu ikawa kavu na yenye kukwaruza. Chuma kingi kinaila sufu. Acha rangi ifike karibu na unayotaka, toa, suuza sana.

Maji nayo yana neno lake. Kipande kimoja kilichopikwa kwa maji ya kisima cha jirani kilitoka kimefubaa, na beseni la kisima hicho lina alama za kutu, kwa hiyo jibu liko wazi. Maji ya bomba, yanayotoka ziwani, hayajanipa shida hiyo.

6 Julai: Parachichi

Kokwa zilizokatwakatwa na maganda yaliyooshwa, gramu 300 kwa uzi gramu 105. Magadi kidogo kwenye maji yanavuta wekundu zaidi kutoka kwenye kokwa, lakini magadi ni adui wa sufu. Kwa hiyo: magadi wakati wa kuchemsha kokwa tu, kisha chuja, tia siki kidogo kidogo hadi maji yasiteleze tena kati ya vidole, ndipo uzi uingie. Usiku kucha humo. Waridi la udongo, sawasawa bila baka, kwa sababu safari hii kamba zimelegea na sufuria nimeazima kubwa.

13 Julai: Sindano

Shali inafika zaidi ya vitanzi mia tatu, sindano mbili za kawaida haziwezi kuvibeba. Inatakiwa sindano ya mviringo, yaani vijiti viwili vilivyounganishwa kwa waya laini. Sikupata ya milimita 5, nimetengeneza. Vijiti ni vya mwanzi vilivyochongwa na kupigwa msasa hadi vipite kwenye tundu la milimita 5 nililotoboa kwenye kipande cha bati. Kiunganishi ni mshipi mnene wa nailoni kutoka maduka ya zana za uvuvi karibu na Mwaloni, Kirumba. Mshipi unaingia kwenye tundu la kitako cha kijiti, na gundi kali inaushika.

Kiungo kilikuwa kinanasa kila kitanzi kilichopita, mpaka nikataka kuurusha ziwani. Dawa yake: chonga kitako cha kijiti kipungue unene kama penseli kuelekea kwenye mshipi, jaza mwanya kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msasa wa kijiti hicho hicho, acha ikauke usiku, piga msasa laini kabisa, malizia kwa kusugua nta ya mshumaa. Sasa vitanzi vinapita bila kelele. Na mshipi ukiwa umejikunja kutoka kwenye roli, uloweke kwenye maji moto na uunyooshe.

27 Julai: Kufuma, na hesabu ya rangi

Shali inaanzia kisogoni na vitanzi 7. Kila mstari wa pili unaongezwa vitanzi vinne: kimoja kila ukingo, na kimoja kila upande wa kitanzi cha katikati. Kuongeza ni kuuzungusha uzi mara moja kwenye sindano, kinabaki kitundu kidogo cha urembo. Hakuna zaidi ya hapo. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

Penye mtego ni rangi. Nina rangi tatu zenye uzito sawa, na ungedhani kila moja itachukua theluthi ya kina cha shali. Haichukui. Mistari inazidi kurefuka, kwa hiyo uzi unaliwa kwa kasi zaidi kila unaposhuka. Shali yenye kina cha sentimita 80 kutoka kisogoni hadi ncha ya mgongoni, rangi ya kwanza inafika karibu sentimita 46, ya pili inaishia 65, na ya tatu inabaki na ukanda wa sentimita 15 tu. Ukifika nusu ya uzi wako wote, umeshapita asilimia 70 ya kina. Pima donge kwenye mzani kila jioni, macho yanadanganya.

Nimepanga dhahabu juu, kijani katikati, waridi la parachichi pembeni.

10 Agosti: Kufunga ukingo, mara mbili

Ukingo wa kwanza niliufunga kwa sindano ile ile ya milimita 5, kwa mkono wangu wa kawaida unaokaza. Shali ikajikunja kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Nimefumua mstari wote na kuufunga upya kwa njia hii: fuma vitanzi viwili pamoja, kile kinachopatikana kirudishe sindano ya kushoto, fuma tena na kinachofuata. Na kijiti cha mkono wa kulia kiwe kinene zaidi, milimita 6. Ukingo sasa unavutika. Unakula uzi mwingi: acha mara nne ya upana wa ukingo kabla hujaanza, nami niliponea chupuchupu.

12 Agosti: Pini zenye kutu

Shali iliyotoka kwenye sindano haina sura. Inalowekwa, inakamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha inatandazwa juu ya godoro lenye shuka safi na kuvutwa kwa pini hadi ikauke, na vile vitundu vinafunguka.

Nilitumia pini za kawaida za fundi nguo. Asubuhi, kila pini iliacha doa jeusi kwenye ukanda wa parachichi, mstari mzima wa madoa. Kwenye dhahabu hakuna kitu kikubwa, kwenye kijani huoni kabisa. Parachichi ina utomvu ule ule unaokausha mdomo kama ndizi mbichi, na ukikutana na kutu unatoa weusi. Ndiyo kemia ile ile ya misumari yangu ya Juni, safari hii bila kuialika. Sabuni haikutoa kitu. Ndimu ilipunguza doa moja na kulipausha waridi lililolizunguka, nikaacha.

Kwa kuwa doa haliondoki, ukanda wote umelifuata. Maji ya chuma mepesi kwenye karai, shali imekunjwa na kufungwa kwa kamba pale rangi ya kijani inapoishia, na ukanda wa waridi ukateremshwa wenyewe majini. Umegeuka kijivu chenye zambarau ndani yake, na madoa yamemezwa. Kusema kweli nimeupenda kuliko waridi. Uliyepanga kufanya parachichi, chagua mapema: ama pini zisizoshika kutu au vijiti vya meno, ama rangi ya kijivu.

Kuanika mara ya pili nilitoa godoro barazani. Jioni wingu la wale wadudu wa ziwani likafika kutoka upande wa maji, na wanaganda kwenye kitu chochote kilicholowa. Nimewaondoa mmoja mmoja shali ilipokauka. Ukiwafuta ikiwa mbichi wanapakaa. Anika ndani, dirisha lina wavu.

17 Agosti: Gharama, kufua na kutunza

Masweta matatu 18,000, na la kwanza ni hasara tupu. Shabu 1,000, mkaa 3,000, mshipi na gundi 3,500, msasa 1,000, siki na shampuu 3,000. Jumla 29,500. Asiyekosea sweta ataimaliza kwa chini ya 20,000.

Vipande vya dirishani nimevifunua. Manjano upande wa jua imekwisha, imebaki kivuli cha rangi. Vitunguu vimepungua kidogo. Vilivyopita kwenye chuma havijabadilika ninavyoweza kuona. Kwa hiyo usianike shali hii juani na usiitundike ukutani panapopiga jua.

Maagizo niliyomwandikia mama mdogo kwa simu, maana kwake nguo hufuliwa ziwani kwa kusuguliwa kwenye jiwe: maji ya baridi, shampuu kidogo isiyo na magadi, lowesha robo saa, bonyeza, usisugue, usisokote, kunja ndani ya taulo uikalie. Tandaza kivulini, usitundike kwenye kamba kwa sababu maji yataivuta chini na pembetatu itageuka mkia. Si lazima ifuliwe kila ikivaliwa. Sufu ikipunga upepo harufu inatoka. Sabuni ya unga kwa heri, ina ukali ule ule wa magadi.

Nondo ndio kesi nyingine. Wanataga kwenye sufu chafu iliyokaa gizani, na mabuu ndio wanaotoboa. Ihifadhiwe ikiwa safi na kavu kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na majani makavu ya mwarobaini kwenye sanduku kwa nyongeza. Ukiona tundu au vumbi la mchangamchanga, funga shali kwenye mfuko na uiweke kwenye friza wiki nzima, iwe sangara wako pembeni au wasiwepo. Itoke ikipata joto taratibu ndani ya mfuko huo huo, isije ikalowa ukungu.

Amejibu: "Hainiwashi. Nitaivaa kesho Kisorya." Gramu chache za kila rangi zimebaki kwenye bahasha kwa ajili ya kuziba matundu, na sufu isiyotiwa rangi inayobaki ni gramu 90. Ya kutosha kofia ya mtoto, na nina mfuko wa majani ya mwembe sijayajaribu.